Usimfiche wakili wako, hata lile unaloliona aibu

Wakili aliyesimamia ombi langu la hifadhi ya ukimbizi hakunitoza hata senti. Kazi yake ya kila siku ilikuwa mikataba ya biashara, na kesi yangu aliishika jioni, akishatoka ofisini. Alikuwa mtu mwema kabisa. Hata hivyo, siku ya kwanza nilimficha mambo mawili, na nusura yaiangushe kesi yote.

Sikumficha kwa ubaya. Nilikotoka, mtu anayekuuliza maswali huku akiandika majibu hukuandikia mashtaka. Sikujua kwamba wakili wa kujitolea anafungwa na kiapo cha usiri sawasawa na wakili anayelipwa, na kwamba mkalimani anayeletwa naye analindwa na usiri huohuo. Mkalimani wa kwanza alitoka jamii moja na mimi, nikawa nameza maneno. Nilipopata ujasiri wa kuomba mwingine, aliletwa wiki iliyofuata bila kuulizwa sababu. Kama huna amani na mkalimani, sema mapema.

Jambo la kwanza nililoficha: nilipokamatwa mara ya pili, nilipigwa hadi nikatia saini karatasi ya kuwataja wenzangu wawili wa kanisani. La pili: baada ya kukimbia, nilirudi nyumbani kwa siku nne kumzika mama.

Hilo la pili alilikuta mwenyewe. Alikuwa akifunua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, kidole kikasimama kwenye muhuri. Akaniuliza taratibu, "Hapa ulikwenda wapi?" Nililia. Kisha nikamweleza: nililala nyumba tofauti kila usiku, sikufika kaburini mchana, nilipelekwa alfajiri. Akaniambia kwamba ofisa akiuona muhuri ule bila maelezo atajiuliza, huyu anaogopa nini ikiwa alirudi? Maelezo yakiwepo, unaonyesha jinsi mtu mwenye hofu anavyomzika mama yake.

Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu mlio njiani: semeni yote, hasa lile linalowachoma.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba kuteswa peke yake hakutoshi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu mwenye hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila lake, dini, utaifa, kundi la kijamii alimo, au msimamo wake wa kisiasa. Lazima sababu ionekane. Mimi sikuwahi kushika kadi ya chama chochote. Kanisa letu lilikataa kuwapa wanasiasa mimbari, basi tukahesabiwa kuwa wapinzani. Nilidhani sina hoja ya kisiasa. Wakili akanifafanulia kwamba msimamo waliokubandika watesi wako nao unahesabika, hata kama hukuwa nao. Kwa hiyo ombi langu liliwekwa kwenye dini na siasa kwa pamoja.

Msicheze na muda. Marekani, kwa mfano, ombi linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka 1 tangu kuingia, na ukichelewa lazima uthibitishe sababu nzito. Hukohuko, katika mahakama ya uhamiaji, serikali haikulipii wakili, kwa hiyo hawa wa kujitolea ndio tegemeo la wengi. Nchi nyingine zina taratibu zake. Ulizia wiki ya kwanza. Watafuteni mawakili hao kupitia mashirika ya wakimbizi, ofisi za UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi), vyama vya mawakili, na vyuo vya sheria ambako wanafunzi hushika kesi chini ya walimu wao. Mkikutana na dalali anayewauzia hadithi iliyokwisha kuandikwa, kimbieni. Hadithi ya kununua utaisahau katikati ya mahojiano, na uongo mmoja utauchafua hata ukweli wako.

Kuhusu tarehe, usibuni. Nilikumbuka kukamatwa kwangu kwa Pasaka, si kwa kalenda, na tuliandika hivyohivyo: "takriban wiki moja baada ya Pasaka". Pale nisipokumbuka tuliandika sikumbuki. Maelezo yangu ya kiapo yalichukua vikao saba, na kabla ya kutia saini nilisomewa yote kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Nikarekebisha mahali patatu. Usikubali kutia saini kabla ya kusomewa.

Siku ya mahojiano ofisa aliifungua pasipoti, akafika kwenye muhuri uleule, akaniuliza swali lilelile. Nikamweleza habari za mama. Ukurasa wa nne wa maelezo yangu ulikuwa wazi mbele yake, na nyuma yake ilibanwa barua ya mchungaji aliyenipeleka kaburini alfajiri ile.