Betri ya gari kwenye UPS: usikubali

SWALI: Mtaalamu, salamu. Nina saiba ndogo hapa Kayole, kompyuta sita za mezani. Stima zikipotea mteja hupoteza kila alichokuwa akiandika, na Juni watu wakijaza ritani za KRA (mamlaka ya ushuru) huwa ni kilio. Nilinunua UPS mbili (vile viboksi vya betri vya kushikilia umeme stima zikipotea) za VA 650, kila moja nikaibebesha kompyuta tatu. Sasa stima zikienda zinalia dakika mbili, kisha giza. Fundi mmoja anataka kuzifungua aunganishe betri ya gari ya N70 kwa nje, anasema nitapata masaa manne. Mwingine anasema atafunga betri ndani ya kompyuta zenyewe ziwe kama laptopu. Nimpe kazi yupi?
– Mama wa saiba, Kayole

JIBU: Mama, usimpe kazi yeyote kati yao.

Huyo wa pili nammaliza haraka. Kompyuta ya mezani ina betri moja tu ndani, ile ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya kuwashia mashine, basi. Laptopu imetoka kiwandani na saketi ya kuchaji na ya kuhamia kwenye betri. Ya mezani inangoja volti 240 za ukutani. Anayekuahidi kuigeuza kwa jioni moja anataka pesa zako.

Sasa N70. Swali la "itakaa masaa mangapi" naulizwa karibu kila siku, na linaniudhi kwa sababu mafundi wa kubahatisha wanaishi kwa swali hilo. Watu wanaamini UPS ni ya kuendelea na kazi gizani. Sivyo. UPS ni ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu, na kila kilichomo ndani kimepimwa kwa dakika hizo.

Ndani ya UPS kama yako kwa kawaida kuna betri moja iliyozibwa, ya volti 12 na ampea-saa 7. Chaja yake ni ya ampea moja au chini ya hapo. N70 ina ampea-saa 70 hivi. Ukiimaliza leo, chaja hiyo itahitaji siku tatu na zaidi kuijaza, bila stima kupotea hata mara moja na bila tokeni za stima kuisha usiku. Mtaani mwenu hilo linawezekana? Betri itaishi nusu tupu, chumvi ngumu ya salfeti itashika sahani zake za risasi, na baada ya miezi michache utarudi kwa fundi yule yule. Tena betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Kuikausha mpaka chini ndiko kuiua.

Hapo umepoteza pesa tu. Kinachonitisha ni moto. Zile sehemu zinazogeuza umeme wa betri kuwa volti 240 zimewekewa kibati kidogo cha kupoza joto, kwa sababu mtengenezaji alijua betri itaisha kabla hazijachemka. Ukiweka N70 umeondoa kinga hiyo. Zitachemka saa nzima ndani ya boksi la plastiki, chini ya meza, wateja wakiwa wameketi. Na betri ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Nimewahi kuletewa UPS iliyoyeyuka ubavu mzima, na mwenyewe bado akitaka niifufue aifungie betri kubwa zaidi. Nilikataa, na nitaendelea kukataa.

UPS zako huenda hazina ubaya, ila umezibebesha kupita kiasi. VA 650 si wati 650. Nyingi za kiwango hicho hubeba wati 360 hadi 390. Kompyuta ya ofisi na skrini yake hula kama wati 80 hadi 100, kwa hiyo tatu ni karibu 300, na betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hiyo haitoi hata umeme wote ulioandikwa juu yake. Kama imepita miaka mitatu, tena imekaa kwenye joto, ndiyo dakika mbili hizo. Nunua betri mpya za kiwango kile kile, kisha UPS moja kompyuta moja, na utapata robo saa hivi. Anza na mashine mbili za wenye fomu ndefu, uongeze nyingine kadiri ya mfuko. Ruta iingie pia, inakula wati chache tu. Bila ruta mteja atabaki na skrini inayowaka na ritani isiyokwenda popote. Printa ya leza isiguse UPS kabisa.

Halafu kama UPS yako ina tundu la USB nyuma, tafuta ule waya uliokuja kwenye katoni. Uchomeke kwenye kompyuta, na mara nyingi Windows itaiona UPS kama betri, uweze kuipangia izime mashine yenyewe chaji ikipungua. Hiyo ndiyo laptopu uliyoahidiwa, na hailipiwi fundi.

Unaponunua betri, jihadhari. Kuna wanaotoboa betri zilizozibwa, wakazidunga maji kwa sindano, wakazifuta vumbi na kuziuza kama mpya. Atakupimia mbele yako, mita isome volti 12 na nusu, nawe uridhike. Volti za betri iliyopumzika hazikuambii kama bado ina uwezo wa kutunza umeme wa kutosha. Mwambie aiweke kwenye UPS, awashe balbu ya kizamani ya wati 60, achomoe ukutani, mkae mtazame saa. Balbu ikizimika ndani ya dakika tano, ondoka.

Anayehitaji umeme wa masaa kweli anunue invata (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) iliyokusudiwa kazi hiyo, pamoja na betri zinazostahimili kukaushwa umeme mpaka chini (deep cycle) au za lithiamu, na afungiwe na fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli ya Kenya. Ni gharama, najua.

Na kama yule wa N70 ameshafungua moja, usiiguse kwa kudhani ukichomoa plagi umemaliza. Soketi za nyuma bado zinaweza kutoa volti 240 kutoka kwenye betri. Izime kwa swichi yake, chomoa ukutani, kisha mwite mwenye ujuzi atenganishe betri, na watoto wakae mbali mpaka amalize.