Maktaba na mada ya uhalifu: pa kutafutia, maneno ya kutafutia, na takwimu za kuzitilia shaka

Mwanafunzi anayefika dawati la maktaba akilalamika kwamba "hakuna chochote kuhusu mada yangu", mara nyingi ametafuta mahali pamoja kwa neno moja. Ustawi wa jamii na kriminolojia (taaluma ya kuchunguza uhalifu) zina usumbufu wake. Makala kuhusu kijana aliyetoka gerezani inaweza kuwa kwenye jarida la saikolojia, la sheria, la afya ya jamii au la elimu, na kila fani ina jina lake kwa jambo lile lile.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi uigawe safu tatu: watu unaowachunguza, huduma au adhabu wanayopewa, na matokeo unayoyatafuta. Jaza kila safu majina yote unayoyajua. Hifadhidata kubwa za fani hizi ni za Kiingereza, basi orodha nayo iwe ya Kiingereza. Kwa kurudia kosa, kwa mfano, Wamarekani hupenda neno "recidivism" na Waingereza "reoffending". Ukiandika moja tu, umeufungia nje upande wa pili. Maneno ya safu moja yaunganishe kwa OR ndani ya mabano, kisha safu kwa safu ziunganishe kwa AND:

(juvenile* OR adolescen* OR youth*) AND (probation OR mentor*) AND (recidivis* OR reoffend* OR rearrest*)

Mabano si pambo. Hifadhidata nyingi husoma AND kabla ya OR, kwa hiyo ukiyasahau utaletewa kila makala inayotaja "juvenile", hata ya magonjwa ya watoto. Kinyota (*), kinachosimama badala ya mwisho wowote wa neno, nacho kina mitego yake. "Crimin*" italeta "criminal" na "criminology" lakini itaiacha "crime" yenyewe. Ukikata mapema zaidi, ukaandika "crim*", jiandae kusoma habari za Crimea. Andika "crime OR crimes OR crimin*" yaishe. Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, haikitambui kinyota hicho kabisa, na hata ikikuambia imepata makala laki mbili, itakuonyesha 1,000 za mwanzo tu. Ni chombo kizuri cha kufuatilia nani amemnukuu nani, ila si mahali pa kumalizia utafutaji.

Kwa kriminolojia anza na hifadhidata ya Criminal Justice Abstracts; kwa ustawi wa jamii, Social Services Abstracts au Social Work Abstracts; mada ikigusa tiba au tabia, ongeza PsycINFO. Nyingi kati ya hizi ni za ikisiri, yaani zina muhtasari wa makala tu, na hapo ndipo watu hujikwaa: wanaweka tiki kwenye kichujio cha makala kamili ili wapate vitu vya kusoma papo hapo. Kichujio hicho kinaondoa hata makala ambazo maktaba yenu inazilipia kupitia hifadhidata nyingine. Kiache wazi, kisha bonyeza kiungo cha maktaba kilicho pembeni ya kila makala. Ukikuta tovuti ya mchapishaji inadai malipo, usitoe hela yako. Ingia upya kupitia ukurasa wa maktaba, na ikishindikana omba nakala kwa utaratibu wa kuazimana baina ya maktaba. Unapohifadhi kiungo, chukua namba ya DOI, ambayo ni kitambulisho cha kudumu cha makala. Anwani iliyo juu ya kivinjari mara nyingi hufa pale unapotoka kwenye akaunti.

Kuna vya bure pia. Maktaba ya NCJRS, yaani ya marejeo ya haki jinai, iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani tangu 1972, ina ripoti za serikali ambazo majarida hayachapishi. Campbell Collaboration, iliyoanzishwa mwaka 2000, hutoa mapitio ya kimfumo, yaani yanayokusanya na kupima pamoja tafiti za swali moja, kuhusu uhalifu na ustawi wa jamii. Binafsi ningemtuma kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akasome pale mapitio ya programu za kuwapeleka vijana magerezani ili wafungwa wawatishe. Wazo linavutia na wanasiasa wanalipenda, lakini vijana waliopelekwa walielekea kutenda makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa.

Takwimu ndizo zinazoharibu tasnifu nyingi. Kabla ya kunakili namba, uliza ilihesabiwa na nani na nani hakuhesabiwa. Takwimu za polisi ambazo FBI inazikusanya tangu 1930 zinajua tu kile kilichoripotiwa. Utafiti wa kaya wa Marekani, NCVS, ulioanza 1973, unawauliza watu wenyewe walichofanyiwa, kwa hiyo hunasa makosa ambayo hayakufika kituoni. Lakini hauna mauaji, maana aliyeuawa hahojiwi. Unahoji wenye miaka 12 na kuendelea wanaoishi kwenye kaya, hivyo wafungwa na watu wasio na makazi hawamo. Kama mada yako ni ukatili dhidi ya wanaolala barabarani, utafiti huo haukufai hata uwe mkubwa kiasi gani.

Mwaka 2021 una tatizo lake. FBI ilihamia NIBRS, mfumo unaorekodi kila tukio la uhalifu peke yake, na vituo vingi vya polisi, pamoja na New York na Los Angeles, havikuwasilisha takwimu zao kwa wakati. Anayelinganisha jumla ya nchi ya 2020 na ya 2021 bila kulitaja hilo anachora grafu ya vituo vilivyonyamaza. Kulinganisha nchi na nchi ni kugumu zaidi, kwani kosa moja lina maana tofauti katika kila sheria. UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, ilitoa uainishaji wa kimataifa wa makosa mwaka 2015. Usome kwanza uone namba zako zinaingia fungu gani.

Programu ya Zotero ni ya bure na inapanga marejeo vizuri, ila ikague pale mwandishi anapokuwa taasisi. Ikilichukua jina la shirika kama la mtu, italikata na kuandika herufi za mwanzo. Badilisha sehemu ya jina iwe uga mmoja, yaani kisanduku kimoja badala ya viwili.

Na ukitaka data ghafi, ICPSR, ghala la data za utafiti wa jamii lililoko Marekani, ina hazina kubwa. Faili nyingi unapakua siku hiyo hiyo, lakini zenye taarifa nyeti za wahanga au wafungwa huhitaji maombi, mpango wa kulinda data na mara nyingi kibali cha maadili cha chuo. Peleka maombi hayo wakati pendekezo la utafiti bado liko kwa msimamizi, usisubiri hadi sura ya tatu.