Jibu: Mfiwa akija dirishani na nyaraka pungufu

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, unauliza ufanyeje na wanaofuata cheti cha kifo dirishani kwako wakiwa na karatasi pungufu: ukiwarudisha wanalia, ukiwapitisha unavunja utaratibu.

Dirisha kama hilo nimelikalia miaka sita. Kwanza angalia sentensi yako ya kwanza. Yangu ilikuwa "kibali cha mazishi kiko wapi?", hata salamu hakuna. Siku moja mama mmoja akafungua fundo la kanga, akanipa karatasi iliyolowa jasho. Nikamwambia hii siyo. Akakaa sakafuni palepale. Tangu hapo naanza na "pole kwa msiba", namwonyesha kiti, nasoma kila alichobeba ndipo nataja kilichokosekana.

Na usimrudishe na maneno matupu, mfiwa hashiki maneno. Mwandikie kwa herufi kubwa kilichokosekana, mfano: barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, yenye jina la marehemu, tarehe ya kufariki na mhuri. Nauli ya safari tatu inamuumiza kuliko ukali wako. Akirudi, asipange foleni upya.

Foleni itanung'unika, wengine watasema unapendelea. Hilo mpaka leo sijalipatia dawa.