Kware wa Japani au wa Kichina?

Ndugu, kama unataka mayai, chukua wa Japani: hutaga wakiwa na wiki 6 hadi 8. Wa Kichina ni wadogo zaidi na wanapendeza sana, lakini vijiyai vyao havishibishi mtu. Hao wafuge jozi jozi, dume na jike, maana madume wakichanganywa hupigana vibaya.

Jambo ninalokusihi ulizingatie ni maji. Vifaranga ni vidogo mno, huzama hata kwenye kisahani, kwa hiyo jaza changarawe humo hadi ibaki nafasi ya mdomo tu. Chakula kiwe cha kusagwa laini, chenye protini nyingi. Na dari ya banda iwe ya kitambaa; kware akishtuka huruka juu wima na kupasua kichwa.