Barua kwa Mwanangu Kuhusu The Fifth Season

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama riwaya ya The Fifth Season ya N. K. Jemisin inastahili sifa inazomiminiwa, au imejitwisha mzigo isiouweza. Nimeimaliza, na kwa maoni yangu mzigo imeubeba, ingawa katika kurasa za mwanzo inayumba.

Ilichapishwa mwaka 2015 ikapata tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa hadithi za kisayansi na za njozi, mwaka 2016, na majuzuu mawili yaliyofuata yakaipata mwaka 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyewahi kulifanya kabla yake. Hata hivyo, tuzo hazimsaidii msomaji aliyekwama kwenye sura ya kwanza, na wewe, nikujuavyo, utakwama. Unatupwa katika bara lisiloisha kutetemeka, ambako wenye kipawa cha kutuliza ardhi wanategemewa na kuchukiwa kwa wakati mmoja, na istilahi zinakujia bila maelezo. Mwishoni kuna faharasa. Usiikimbilie, kwani mengi yanajieleza kadiri unavyosonga mbele. Vipande vya maandiko ya kale vinavyofunga sura nyingi, baadhi yake niliviruka bila kujuta.

Masimulizi yanafuata wanawake watatu, na mmoja wao, Essun, anasimuliwa kwa nafsi ya pili, kana kwamba ni wewe msomaji unayetendwa hayo yote. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Lakini mume wake amemuua mtoto wao mdogo wa kiume kwa kumpiga, baada ya kugundua kipawa chake, kisha ametoweka na binti yao. Na mama anaufunika mwili wa mtoto kwa blanketi, ila uso anauacha wazi, kwa sababu mtoto huyo alikuwa anaogopa giza. Nilipofika hapo nilielewa kwamba mtu aliyefikwa na msiba wa namna hiyo hawezi kusema "mimi", na kwamba mwandishi hakuwa na njia nyingine ya kumsogelea.

Yupo pia Damaya, msichana mdogo mwenye kipawa hichohicho, ambaye mlinzi wake, Schaffa, anamvunja mkono makusudi wakiwa safarini ili kupima kama ataweza kujizuia asikitumie, huku akimhakikishia kwamba anampenda. Kinachotisha zaidi ya maumivu yenyewe ni kwamba mtoto anaanza kuusadiki upendo huo. Kwangu mimi, ukubwa wa riwaya hii umo katika kurasa hizo kuliko katika majivu na milima inayolipuka, kwa kuwa zinaonyesha jinsi utawala unavyomfundisha mtu kujifunga mwenyewe.

Kwa hiyo isome, tena bila kuharakisha, na usimwache mtu yeyote akusimulie uhusiano wa wanawake hao watatu. Uwe pia na juzuu la pili, The Obelisk Gate, karibu yako, maana hili la kwanza linakatika kwenye swali, na jibu lake halimo humo.

Mama yako