Kubana matumizi ya nyumbani na kuweka akiba bila mume kujua: ipi hukumu yake?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga. Mume wangu anaendesha bodaboda, na kila asubuhi ananiachia elfu kumi ya matumizi. Tangu mwaka jana nimekuwa nikibana. Naunganisha pesa za siku mbili tatu nanunua vitu vingi kwa pamoja, soda na kuku wa Jumapili nimeacha, na maziwa ya jioni ya mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, nimeyapunguza ikawa anayapata siku moja moja. Kinachobaki nakitia kwenye kibubu, na kingine nacheza mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na kina mama wa mtaani. Juzi mume wangu akakikuta kibubu. Alikasirika sana, akasema mimi ni bakhili, na kwamba mtu anayeweka akiba hana tawakkul, yaani hamtegemei Mwenyezi Mungu, kwa sababu riziki ya kesho iko kwa Mwenyezi Mungu. Je, nimekosea? Na pesa zile ni zangu au zake?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Binti yangu, nianze na hilo la tawakkul, kwa sababu mumeo si wa kwanza kulisema. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab, Allah amridhie, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiuza mavuno ya mitende ya Banu Nadhir, kabila lililokuwa Madina, na kuwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima. Nani ana tawakkul kuliko yeye? Na Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliwaambia watu wa Misri walime miaka saba, na wanachovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwa sababu ya miaka saba ya shida iliyokuwa mbele. Anayeweka akiba huku moyo wake ukijua kwamba mtoaji ni Allah hajapungukiwa na tawakkul hata chembe. Mlangoni mwako kuna ada za shule, kuna homa ya mtoto usiku wa manane, kuna siku pikipiki imeharibika na mumeo hana cha kuacha asubuhi. Kujiandaa kwa siku hizo ni katika kuitunza amana ya watoto.

Ama ubakhili na kubana matumizi, hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na Qur'ani imevitenga. Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake katika Suratul Furqan, aya ya 67, kwamba wanapotumia hawafanyi israfu, yaani ubadhirifu, wala hawafanyi choyo, bali huwa baina ya hayo. Na katika Suratul Israa, aya ya 27, wabadhirifu wameitwa ndugu wa mashetani. Mujahid, mfasiri mkubwa wa Qur'ani katika wanafunzi wa swahaba Ibn Abbas, ameieleza aya hii kwa maneno yanayotosha kumwongoza mtu jikoni kwake: mtu akitoa mali yake yote katika haki si mbadhirifu, na akitoa kibaba kimoja pasipo haki huo ni ubadhirifu. Kwa hiyo usipime kwa wingi wala uchache wa pesa. Angalia haki. Ulichokipunguza kilikuwa haki ya mtu au hakikuwa haki ya mtu?

Sasa tuyapitie mambo yako kwa mizani hiyo.

Kuacha kununua vitu kwa vipimo vidogo vidogo, hapo umefanya jema, na natamani kila mama anayesoma hapa akuige. Wengi wetu tunaishi kwa sukari robo, mafuta ya kula kipimo kimoja, mkaa kopo moja, na jioni tunarudi tena kaunta ile ile kwa mafuta kipimo cha pili. Anayenunua kopo la mkaa kila siku, mwisho wa mwezi amelipa pesa nyingi kuliko aliyenunua gunia, na mkaa ni ule ule. Ni mtihani wa mtu wa kipato cha kila siku, kwamba pesa ya gunia haimfiki mkononi kwa pamoja, na hapo ndipo kibubu kinapofaa: kikusanye pesa ya gunia la kwanza. Likipatikana, kile ulichokuwa ukipoteza kwa makopo ndicho kitakununulia la pili. Majirani wawili au watatu mkiungana mkagawana gunia la mkaa au kiroba cha mchele, ni vizuri zaidi, ila mpime mbele ya macho ya wote ili pasiwe na dhuluma.

Na yapo mengine ambayo dini yetu imeyafundisha zamani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Sisi tunafungua bomba, tunatawadha huku tukizungumza, na maji ya dumu tumeyalipia. Weka kopo, tawadha kwa kopo. Akasema tena kwamba tonge likimwanguka mmoja wenu aliokote, aliondoe uchafu uliolipata kisha alile, asimwachie shetani. Katika nyumba ngapi wali wa jana unamwagwa kwa sababu watoto wamesema hawali kiporo? Upashe asubuhi, wanywe nao chai. Maharage yalowekwe tangu usiku, yataiva kwa mkaa mchache. Haya hayamnyimi mtu yeyote haki yake.

Soda na kuku wa Jumapili si haki ya wajibu, ni anasa ya halali. Kuziacha si dhambi. Ila ningependa usizikate moja kwa moja, kwa sababu mumeo anashinda juani na pikipiki, na watoto wanahitaji siku ya kufurahi na baba yao. Kuku mmoja kwa mwezi hatavunja akiba yako. Na ukipika mchuzi, fuata wasia wa Mtume kwa Abu Dharr ulio katika Sahihi ya Muslim: zidisha maji yake, uwaangalie jirani zako. Kubana kunakofunga mkono hata jirani asionje, huko ndiko kunaanza kunuka choyo.

Ama maziwa ya mama mkwe wako, hapo umekosea, na nakuambia kwa mapenzi. Yule ni mama wa mumeo, mtu mzima, na maziwa yale mwanawe alikuwa amemzoesha. Mzazi asiye na uwezo, matumizi yake ni wajibu juu ya mtoto wake mwenye uwezo, na pesa inayotolewa kwa ajili hiyo si yako kuipunguza. Amesema Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi kule kumzuilia chakula anayewajibika kumlisha. Yarudishe leo hii, kila jioni kama alivyozoea, na umwombe radhi kwa maneno mazuri. Huenda hata hasira ya mumeo asili yake ni kikombe kile, si kibubu.

Tuje kwenye swali lako la mwisho, pesa ni za nani. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani yetu, wameweka matumizi ya mke kwa kipimo: vibaba viwili vya nafaka kwa siku kwa mume tajiri, kimoja na nusu kwa wa wastani, na kimoja kwa mwenye hali ngumu, pamoja na kitoweo chake. Mke akikabidhiwa hicho kinakuwa mali yake, na akijibana akakiweka au akakiuza, hana wa kumuuliza. Lakini wanachuoni hao hao wamesema kwamba mke anapokula pamoja na mume kama ilivyo desturi, haki yake ya chakula inakuwa imetimia. Na hivyo ndivyo mnavyoishi wewe na mumeo: chungu ni kimoja na sinia ni moja. Kwa hiyo ile elfu kumi hajakumilikisha wewe. Amekuwakilisha uinunulie nyumba nzima chakula, na wakala ni mwaminiwa. Kinachobaki kinabaki kuwa chake, ila akiwa amekuruhusu, kwa kusema au kwa desturi inayojulikana kati yenu, kwamba chenji ni yako. Wanaume wengi huruhusu kwa furaha. Lakini kuruhusu kunataka kujua, na wewe ulificha.

Utasikia watu wakitoa hoja ya Hind binti Utba, Allah amridhie, aliyemshtakia Mtume kuwa Abu Sufyan ni mtu mchoyo, naye akamwambia achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini ni ya mume anayezuia. Mumeo hazuii, kila asubuhi anaacha. Basi kaa naye akiwa ametulia, amekula, umfungulie kibubu mkihesabu pamoja. Mwambie ulikusudia nini, umwombe akuhalalishie kilichopita, na mkubaliane kwa kinachokuja: ikiwa ni akiba ya nyumba, iwe ya nyumba mkiijua wote wawili, na ikiwa atakupa wewe, ni hiba, yaani zawadi, ni yako. Naye nimwambie, kama atasoma, kwamba mke aliyekusanya pesa na asiinunulie dera wala kwenda nayo kwenye shughuli ni neema. Asimwite bakhili. Na kubana kusiwe kwa mke tu. Yupo baba anayemlaumu mkewe kwa kipimo cha mafuta, na simu yake ina mkopo unaoongezeka kila siku anapochelewa kulipa, au anacheza kamari ya mpira. Ongezeko lile ni riba na kamari ni haramu, na hakuna jiko linaloweza kubana likafidia shimo hilo.

Mchezo wa kina mama unajuzu. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, kwa wiki au kwa mwezi, na zamu inamzunguka kila mtu, hakuna anayepokea zaidi ya alichotoa. Umekuwepo kwa wanawake wa Kiislamu tangu karne nyingi, na al-Qalyubi, naye mwanachuoni wa Kishafi, amenukuu kujuzu kwake kutoka kwa Waliyyud-Din Abu Zur'a al-Iraqi, mwanachuoni wa Kishafi wa Misri aliyefariki mwaka 826 Hijria. Andikianeni, kama Qur'ani ilivyoamrisha kwenye madeni, na aliyekwisha kupokea asikimbie. Lakini kikundi kinachokopesha kwa nyongeza, hata wakiiita faida ya wanachama, hicho ni riba. Usiingie. Na pesa unayochezea, kwa kuwa imetoka kwenye matumizi yale yale, nayo iwemo katika mazungumzo yako na mumeo.

Hukuuliza kuhusu zaka, lakini kibubu chochote kina swali hilo. Akiba ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, na kwa wanaopima kwa dhahabu ni thamani ya gramu 85, ikakamilisha mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia 2.5. Inamlazimu mwenye mali. Hiyo ni sababu nyingine ya kujua mapema, wewe na mumeo, kibubu ni cha nani.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.