Ondoeni SMS, Wadogo Zangu

Juzi nilimkuta mmoja wenu, kijana wa fildi, anamsajilia mhasibu ufunguo wa usalama, kile kidude cha USB cha kuthibitisha kuwa ni wewe unapoingia kwenye akaunti, kwenye ofisi moja ya utalii hapa Arusha. Alifanya kwa uangalifu: akaweka PIN, akaupa ufunguo jina, akajaribu kuingia mara mbili. Akafunga laptopu, akaaga. Nikamwuliza kuhusu ile namba ya kuingilia inayotumwa kwenye simu: "Na SMS?" Akajibu, "Nimeiacha, kaka, kwa dharura." Nilitoka nje kwanza nikanywe maji. Nawapenda, lakini hili mtaliacha lini?

1. Kila mtu funguo mbili. Mmoja ukae na funguo zake za nyumba, wa pili kwenye kabati la chuma ofisini. Sajilini zote siku hiyo hiyo. Ule wa "nitakuja wiki ijayo" sijawahi kuuona umesajiliwa.

2. PIN ikikosewa mara nane mfululizo, YubiKey (ndiyo ufunguo wenyewe) inajifunga, na dawa yake ni kuifuta na kusajili upya kila akaunti. Mwambieni mteja mapema, asije akagundua akiwa Karatu na wageni.

3. SMS iondolewe. Hapa nakaa.

Miaka yangu ya mwanzo nilifunga funguo kwenye kampuni ndogo ya safari: mkurugenzi, dada wa bukingi na dada mhasibu. Mhasibu alikuwa anakaa Moshi, kila siku na Coaster, akaniomba, "Niachie na SMS, siku nikisahau ufunguo nyumbani nisirudi." Nikamwachia. Nilijua haifai. Nilikuwa na haraka, na sikutaka kubishana na mtu aliyenizidi umri.

Mwezi wa sita, msimu unaanza, akapata barua pepe iliyofanana kabisa na za wakala wao wa Ulaya. Akabonyeza. Ukurasa ulikuwa wa uongo na haukumwuliza ufunguo hata kidogo. Ulimwomba nywila, kisha namba iliyotumwa kwenye simu. Huku anaandika, mwizi anazipeleka kwenye ukurasa wa kweli. Akaingia. Akakaa kimya siku tisa anasoma mazungumzo na wageni, kisha akajibu ndani ya barua ile ile ya zamani, na ankara yenye akaunti nyingine ya benki. Wageni wakalipa dola 6,400.

Pesa iliuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Ofisi nzima ilimgeukia yule dada. Akaulizwa mbele za watu kama ana ndugu kwenye huo mchezo. Alikuwa analia chooni, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mita tano, najua mlango alioingilia mwizi niliuacha wazi mimi. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia mkurugenzi ukweli, nikaomba tuitwe wote niseme mbele yao. Dada alinisikiliza, akasema tu, "Ungesema Jumatatu." Mpaka leo tukikutana ananisalimia vizuri, na bado nalisikia lile neno.

Ufunguo peke yake, bila SMS, ungemwokoa bila yeye kujua lolote. Siri iliyo ndani yake haitoki, na sahihi ya kidijitali inayotolewa imefungwa kwenye jina la tovuti ile uliyojisajilia. Tovuti ikiwa na herufi moja tofauti, hakuna kitu. Mwaka 2022 wafanyakazi watatu wa Cloudflare, kampuni ambayo kazi yake ni usalama wa mtandao, waliandika nywila zao kwenye ukurasa wa uongo. Wadukuzi hawakuingia, kwa sababu kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo na hapakuwa na njia nyingine. Sasa mtu asimwambie mhasibu wa Arusha kwamba hakuwa makini.

4. Ruta za MikroTik: mlango wa mtandao (port) 8291, wa Winbox, programu ya kuisimamia ruta, usionekane kutoka nje. Udhaifu wa 2018 ulimruhusu mtu asome faili la watumiaji bila kujua nywila, na ruta zenye RouterOS (mfumo wake) ya zamani bado nazikuta zimening'inia ukutani, vumbi juu.

5. Namba za akiba (backup codes), za kuingilia ufunguo ukipotea, zichapwe, ziingie kwenye bahasha, bahasha kwenye lile kabati. Msizipige picha kwa simu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nipo ofisini. Leteni orodha ya akaunti zote mlizosajilia funguo mwezi huu. Nitakaa na kila mmoja wenu, nibonyeze "jaribu njia nyingine" kwenye ukurasa wa kuingia, tuone inatokea nini.